Umepima?

Kitabu cha historia kikikosea mwaka wa vita, mwanafunzi atapoteza alama. Kitabu cha umeme wa majumbani kikikosea waya, mwanafunzi anaweza kupoteza maisha, au nyumba aliyoifanyia kazi ikaungua baada ya miaka, yeye akiwa ameshahamia mkoa mwingine. Nimefundisha umeme kwa muda mrefu na jambo hilo nililijua. Lakini uzito wake niliuona upya nilipoitwa kusaidia kuunda upya kitabu cha kidijitali chenye akili mnemba, kilichokusudiwa vijana wa vyuo vya ufundi stadi.

Kitabu kilikuwa kimeshatengenezwa. Kilikuwa na sura zote za mtaala, picha nzuri za rangi, maswali ya kuchagua, na pembeni palikuwa na msaidizi aliyejibu swali lolote uliloandika. Waliokitengeneza walikuwa vijana hodari wa programu, na walikitengeneza kwa moyo. Kilipopelekwa vyuoni kwa majaribio, wanafunzi walikishangilia kwa wiki za mwanzo, kisha matumizi yakabaki ya aina moja: kukipa maswali ya mazoezi, kunakili majibu, na kukusanya madaftari. Walimu wa karakana wao walikiacha kabisa. Hapo ndipo timu ilipoamua kutafuta watu wa bisibisi na testa wakae nayo meza moja.

Nasimulia tuliyojifunza kwa sababu naamini yanawahusu wengi. Januari 2024 mkondo wa amali ulianza katika baadhi ya shule za sekondari Tanzania, na vijana wanaosoma umeme, useremala, ushonaji na ufundi magari wanaongezeka. Vitabu vyao vingi ndiyo kwanza vinaandikwa. Watakaoviandika watashawishika kuweka akili mnemba ndani yake, na mimi siwakatazi. Nataka waanze mbali zaidi ya pale tulipoanzia sisi.

Nilianza kwa kukiuliza kitabu maswali ambayo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka. Nikaandika: waya mweusi ni upi? Msaidizi akajibu bila kusita kwamba mweusi ndio wenye moto, mweupe ni nyutro, na kijani ni ethi. Jibu hilo ni sahihi Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Kwetu umeme ni volti 230, na nyumba nyingi za zamani zina nyaya zilizofuata rangi za Waingereza: nyekundu ni fezi, nyeusi ni nyutro. Kijana anayeshika waya mweusi wa nyumba hiyo akiamini ndio fezi, anauacha mwekundu ukining'inia wazi kwa imani kwamba hauna kitu.

Na hata hizo rangi za Waingereza hazikubaki palepale. Uingereza ilianza kutumia rangi mpya mwaka 2004, na kufikia 2006 zikawa za lazima kwa kazi mpya: fezi ni kahawia, nyutro ni bluu. Vifaa na nyaya za mpango huo vimefika kwetu na vinauzwa madukani. Kwenye fezi tatu mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Mpango wa zamani ulikuwa na fezi nyekundu, njano na bluu, na nyutro nyeusi. Mpango mpya una fezi za kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ya bluu. Maana yake waya mweusi unaweza kuwa nyutro katika jengo moja na fezi katika jengo la jirani, na bluu vilevile, ila kinyume chake. Nyumba iliyoongezwa vyumba vya uani inaweza kuwa na mipango yote miwili nyuma ya meni swichi moja.

Programu za namna hii hujifunza kwa kupitishwa kwenye maandishi mengi mno, kisha hutunga jibu linalofanana zaidi na yale zilizokutana nayo mara nyingi. Maandishi mengi ya intaneti kuhusu nyaya za majumbani yameandikwa na Wamarekani kwa ajili ya nyumba za Marekani. Msaidizi wetu hakuwahi kufungua boksi la swichi Tandika au Ilala. Kosa lake lilitabirika, na liliandikwa kwa lugha fasaha na ya kujiamini, hali iliyolifanya liwe la hatari zaidi.

Timu ilipendekeza dawa ya haraka: tukilishe kitabu rangi zinazotumika Tanzania, kiwe kinajibu kwa rangi zetu. Dawa hiyo ilikuwa na maana, na sehemu yake tuliifanya. Tuliiwekea mipaka programu ili itafute jibu kwanza ndani ya kurasa za kitabu na majedwali yaliyokaguliwa na walimu, na kila jibu lionyeshe ukurasa lilikotoka. Lakini mwalimu mmoja mtu mzima, aliyelea mafundi wa rika tatu, alisema hiyo haitoshi, kwa kuwa jibu la rangi hata likiwa sahihi katika nyumba nyingi bado litamkuta mtu katika nyumba isiyofuata rangi hizo.

Msanifu kijana akamwuliza, "Sasa mzee, mwanafunzi akiuliza waya mweusi ni upi, kitabu kijibu nini?"

"Kimuulize, umepima?" akasema. "Mimi ndivyo ninavyowafanyia. Rangi inakudokeza tu, mwanangu. Kipimo ndicho kinachokuthibitishia."

Kazi yote iliyofuata ilijengwa juu ya jibu hilo. Tulipitia maswali yote ambayo wanafunzi walikuwa wameyaandika wakati wa majaribio, tukayagawa. Maswali ya maelezo, kama kazi ya ethi au tofauti ya fyuzi na sakiti breka, msaidizi aliruhusiwa kuyafafanua kwa uhuru. Maswali yanayomgusisha mtu na umeme tukayawekea utaratibu mwingine. Hapo msaidizi hatoi hitimisho. Anauliza: nyumba ilifungwa nyaya lini? Ni fezi moja au tatu? Umezima wapi? Umepima kwa kifaa gani, na kimesoma ngapi?

Hatua za usalama zenyewe tuliziondoa kabisa mikononi mwa mashine. Ziliandikwa na walimu, na programu inaruhusiwa kuzionyesha kama zilivyo, bila kuzifupisha wala kuzipamba. Zima. Funga kwa kufuli ili mwingine asiwashe. Weka kibao cha onyo. Kisha jaribu testa yako mahali unapojua pana umeme, pima pale unapotaka kufanya kazi, halafu rudi uijaribu tena palepale pa mwanzo. Wanafunzi huona hatua hiyo ya mwisho kama usumbufu. Lakini testa iliyokufa katikati ya kazi itakuonyesha hakuna umeme hata mahali penye umeme, na njia pekee ya kujua kwamba ilikuwa hai ulipopima ni kuithibitisha kabla na baada. Katika toleo la kwanza, msaidizi alikuwa akiiacha hatua hiyo kila alipoombwa afupishe, kwa sababu kwenye maandishi inaonekana kama marudio.

Jambo la pili lilihusu mazoezi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari nchini Uturuki, katika somo la hisabati. Kundi moja lilipewa akili mnemba inayojibu kila kitu. Wakati wa mazoezi wanafunzi hao walifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko waliotumia vitabu na madaftari tu. Lakini mtihani ulipofanyika bila mashine, wakawa chini ya wenzao hao kwa asilimia 17. Kundi jingine lilipewa programu iliyoelekezwa na walimu kutoa vidokezo badala ya majibu. Hao walipanda zaidi wakati wa mazoezi, kwa asilimia 127, na kwenye mtihani hawakuporomoka. Mashine ilikuwa ya ukoo uleule. Kilichotofautiana ni namna ilivyoagizwa kumtendea mwanafunzi.

Matokeo hayo yalifanana mno na madaftari niliyokuwa nimeyasahihisha, yaliyojaa majibu safi ya vijana ambao ubaoni hawakuweza kuanza hata mstari wa kwanza. Tukabadili mazoezi yote. Chukua swali dogo: birika la umeme la wati 2,200 linavuta mkondo kiasi gani? Toleo la zamani liliandika hesabu nzima na jibu, ampea 9.6. Toleo jipya linamwuliza mwanafunzi anajua nini tayari, kanuni gani inaunganisha wati, volti na ampea, na linasubiri. Akikwama linampa dokezo. Akipata jibu, linamwuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwenye skrini: kebo ya eksitensheni mnayotumia nyumbani ina ukubwa gani? Soma maandishi yaliyochapwa juu yake.

Asubuhi moja mwanafunzi wangu wa kike alinifuata kabla hata hajaweka mkoba chini. "Shikamoo mwalimu. Nimeikuta ya nyumbani, ni sifuri nukta saba tano. Na mama huwa anachomeka birika na pasi kwa pamoja."

Tulikaa naye tukapiga hesabu. Birika la wati 2,200 na pasi ya wati 1,000 ni wati 3,200. Ukigawa kwa volti 230 unapata karibu ampea 14. Kebo laini ya milimita za mraba 0.75 imekusudiwa kubeba karibu ampea 6. Hakuhitaji nimweleze kwa nini ile kebo ilikuwa ikipata joto kila asubuhi. Jioni ile alimwomba mama yake birika lichomekwe ukutani peke yake, na akamweleza sababu. Kwangu mimi, huko ndiko kufaulu kwa kitabu: binti ametoka kwenye ukurasa, akaenda kwenye kitu chenyewe, akakisoma, akahesabu, na akabadilisha jambo katika nyumba yao.

Jambo la tatu lilituumiza kidogo, kwa sababu lilitutaka tuondoe sehemu iliyopendwa kuliko zote. Mwanafunzi aliweza kupiga picha ya kazi yake na kuuliza kama ni sahihi. Msaidizi alitazama na kusifu: nyaya zimepangwa vizuri, klipu zimewekwa kwa umbali sawa, rangi zimefuatwa. Wageni walifurahia sana sehemu hiyo. Walimu wa karakana hawakuifurahia. Picha haioni kama ethi imeunganishwa kweli nyuma ya soketi au imepachikwa tu bila skrubu kukazwa. Haioni kihami kilichochubuliwa na msumari ndani ya ukuta. Kazi inayopendeza machoni inaweza kuwa mbovu, na fundi hujifunza mapema kutolitegemea jicho peke yake.

Tukaiondoa hukumu ya picha, tukaweka mahali pa kuandika vipimo. Mwanafunzi akimaliza kufunga sakiti, kitabu kinamtaka ajaze: mwendelezo wa ethi umesoma ohmi ngapi? Ukinzani wa kihami, ukipimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, ni megaohmi ngapi? Akijaza chini ya megaohmi 1, kitabu hakimwambii tatizo liko wapi. Kinamuuliza angetenganisha sehemu gani kwanza ili apate upande wenye hitilafu, naye anarudi kwenye ubao wake kupima nusu kwa nusu. Sehemu hii haina mvuto wa kuonyesha wageni. Lakini ndiyo iliyowarudisha walimu, kwa kuwa sasa kitabu kilikuwa kinadai kile wanachodai wao.

Walimu tuliwarudisha kwa jambo jingine pia. Toleo la kwanza lilimhudumia mwanafunzi peke yake, na mwalimu hakujua kinachoendelea humo ndani. Tuliongeza ukurasa wake unaomwonyesha, bila majina, maswali ambayo darasa limeuliza sana wiki hiyo na vipimo vilivyowakwamisha wengi. Akiingia darasani Jumatatu anajua aanzie wapi. Tukampa pia mamlaka: mwalimu akiona jibu la msaidizi si sahihi, analizuia, na halirudi hadi likaguliwe. Korea Kusini walianza kutumia vitabu vya akili mnemba mashuleni Machi 2025, katika Kiingereza, hisabati na TEHAMA. Kufikia Agosti mwaka huohuo bunge lao lilikuwa limeviondolea hadhi ya vitabu vya kiada na kuvifanya vya ziada. Miongoni mwa malalamiko ya walimu na wazazi lilikuwa hili, kwamba mambo yalikwenda haraka kuliko maandalizi. Nchi inayosifika kwa intaneti ya kasi ilikwama kwa watu. Sisi tusio na hiyo kasi hatuna sababu ya kurudia.

Kuhusu simu na bando sitasema mengi, maana kila mwalimu anayajua. Vijana wengi wana simu za bei nafuu, wengine wanachangia na ndugu, na bando huisha kabla ya wiki. Tulikifanya kitabu kiwe chepesi, kipakuliwe mara moja, na majedwali pamoja na hatua za usalama vifunguke bila mtandao. Tulikifundisha pia kuelewa lugha ya karakana, kwa sababu mwanafunzi huandika "inapiga shoti" au "umeme unakuja nusu", na toleo la kwanza lilishindwa kumwelewa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini, walishaonyesha njia mwaka 2016, walipoanzisha VSOMO kwa kushirikiana na Airtel: nadharia isomwe kwenye simu, vitendo vifanyike chuoni. Mgawanyo huo ulikuwa sahihi kabla akili mnemba haijafika midomoni mwa watu, na bado ni sahihi.

Somo lililonigusa zaidi lilitoka nje ya chuo. Tulikipeleka kitabu kwa mafundi wa mtaani, wale waliojifunza kazi kwa kumfuata fundi mwingine, ambao VETA huwapima na kuurasimisha ujuzi wao. Tulitaka kujua kama wangeweza kukitumia. Mmoja wao, aliyefanya kazi Dodoma kwa muda mrefu, alisoma sura ya ethi taratibu hadi mwisho, kisha akauliza kipimo cha nondo ya ethi kinachukuliwa mwezi gani.

Kitabu hakikusema. Vitabu nilivyofundishia havikusema kwa mkazo anaoutaka yeye. Akatueleza kwamba nondo iliyopimwa wakati wa mvua husoma vizuri kwa sababu udongo una unyevu, lakini ikifika kiangazi, ardhi ya Dodoma ikikauka na kupasuka, ukinzani unapanda na ile ethi inakuwa ya jina tu. "Ukipima masika umejidanganya," alisema. "Pima Septemba, Oktoba, ndipo ujue umeweka ethi." Ukinzani wa udongo hutegemea sana unyevu wake, hiyo ni fizikia inayojulikana. Yeye alikuwa ameijua kwa kurudi kwenye nyumba alizozifanyia kazi na kuzipima tena.

Maneno yake yameingia kwenye sura hiyo, pamoja na zoezi la kupima nondo moja katika misimu miwili na kulinganisha. Hakuna mashine ingeyatoa, kwa sababu hayakuwa yameandikwa mahali ambapo ingeyakuta. Ujuzi mwingi wa ufundi wa Afrika Mashariki uko hivyo. Umo vichwani mwa watu wanaozeeka, nao hupokezwa kwa mdomo karakanani na juu ya ngazi. Fedha inayotumika kununua programu ya kisasa ingefaa kwanza ilipe muda wa kukaa na watu hao na kuandika wanachokijua. Akili mnemba itakayowekewa maandishi hayo itakuwa na kitu cha kusema. Isiyowekewa itaendelea kutueleza habari za nyumba za Marekani kwa Kiswahili kizuri.

Kwa hiyo kwa wanaoandaa vitabu vya amali leo, ninayo maombi manne. Waiteni walimu wa karakana na mafundi kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa programu, na muwalipe kama wataalamu. Mahali penye hatari, mashine isitunge. Ionyeshe maneno yaliyokaguliwa na binadamu anayewajibika nayo. Kila sura imtoe mwanafunzi nje ya skrini akapime kitu cha kweli na arudi na namba. Na mwalimu awe na uwezo wa kulizuia jibu baya siku hiyohiyo, bila kuomba kibali cha mtu aliye mbali.

Kisha muwe na ujasiri wa kukipima kitabu kwa kipimo kilekile tunachompima nacho fundi. Mfumo wetu wa ufundi stadi hutathmini umahiri: mwanafunzi husimama mbele ya mtathmini akafanya kazi. Mpeni ubao wenye hitilafu iliyofichwa, simu ikae ndani ya mkoba, na mmtazame anaanzia wapi. Akizima, akafunga kwa kufuli, akaijaribu testa yake, akapima nusu kwa nusu hadi akaipata hitilafu, kitabu kimefanya kazi yake hata kama sehemu ya akili mnemba aliitumia mara chache. Akisimama akiangalia mkoba, tumempa kitu kinachojua umeme kwa niaba yake, na nyumba za watu haziwezi kukabidhiwa kwa fundi wa namna hiyo.